Mirihi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi maji niliyajua kabla sijajua kusoma sawasawa. Nasema hivyo bila kuona haya, maana Mtwara mjini wapo watu wenye vyeti ukutani ambao bomba likikoroma tu, simu ya kwanza wanayopiga ni yangu. Nilianza na baiskeli na madumu. Ukaja mkokoteni, ikaja pikapu mkweche, likaja boza la kwanza, na leo ukiona boza la bluu linatoka Naliendele au linashuka barabara ya Kilambo, usijisumbue kuuliza la nani. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilivukishwa kwa huruma ya mwalimu. Lakini visima nimechimba pale ambapo wasomi walikunja mikono wakasema hakuna kitu hapa. Nimenywesha wajenzi, nimenywesha harusi na misiba. Mtu wa maji ni mimi.

Kwa hiyo binti yangu aliporudi likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, anakosomea mambo ya miamba, akasema kazi aliyopewa ni kuandika itakuwaje watu wakipeleka maji Mirihi, nilicheka mpaka nikakohoa.

"Mirihi ipi? Ile nyota?"

"Siyo nyota, Baba. Sayari. Jirani yetu."

"Jirani gani hatujawahi hata kuombana chumvi?"

Tulikuwa kwa mama yangu siku hiyo, kijijini, juu ya mwinuko unaotazama mlango wa Ruvuma. Lazima nieleze mahali pale, la sivyo hamtanielewa. Chini kuna mikoko na mto wenyewe, ila maji yake huko mwishoni yameshaonja bahari, huwezi kupikia. Juu ni mchanga mwekundu, na ukichimba mchanga huo unakutana na jiwe jeupe la matumbawe lenye matundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha, nchi inaimeza, jioni vumbi liko palepale. Mama yangu ujana wake wote aliushusha na kuupandisha mwinuko ule akifuata maji kwenye bonde, anakaa kando ya kishimo akisubiri kijae, anachota kwa kifuu. Utosini ana kipara cha duara, pale kata ya majani ilipokuwa ikikaa chini ya mtungi. Nywele hazikuota tena. Mimi nimekua nikikitazama kipara kile.

Nilipopata, jambo la kwanza nililofanya ni nyumba yake. Tofali za saruji, bati la rangi, vigae, bafu la ndani. Nikachimba kisima mbali, upande wa mabondeni, nikavuta bomba mpaka juu kwa pampu, kitu ambacho ukoo wetu haukuwahi hata kukiota. Kila chumba nikaweka bomba. Fundi akaniuliza, "Bosi, hili la sebuleni la kazi gani?" Nikamjibu, "La kufunguliwa." Nikamchimbia bwawa la mabata. Nikapanda migomba, na watu wakaja kuishika majani kama wanaoshika kitambaa dukani.

Halafu nikafanya jambo moja ambalo mtu wa kwingine hawezi kulielewa, lakini wa kwetu ataelewa bila kuambiwa. Tangi lililokuwa juu ya mnara nilimwambia fundi alitoe boya, kile kitu kinachozuia maji yakishajaa. Nilitaka limwagike. Kila alasiri pampu ikiwashwa, tangi lijae, limwagike, maji yateremke ukutani, yapite uani, wanawake wanaotoka shamba wayaone. Kwetu mwenye mahindi utamjua kwa ghala, mwenye maji utamjua kwa kumwaga. Waliochoka waliweka ndoo zao wakakinga, sikumkataza mtu. Na mama yangu kila asubuhi alikuwa anafungua bomba la nje, anaumwagia ua wote kabla ya kufagia, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso. Nikija namwambia, "Mwaga, Mama. Mwaga tu."

Basi siku ile ya Mirihi mama alikuwa ameketi mkekani anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Yeye na mjukuu wake ni watani wakubwa.

"Mke mwenzangu," akamwambia, "huko unakotaka kupeleka maji kuna wanaume?"

"Hakuna mtu, Bibi. Mawe na vumbi jekundu tu."

"Sasa nani aliyelia kiu?"

Tukacheka wote. Binti yangu alipoacha kucheka akaanza kueleza, na mimi nikamwachia, maana ada nalipa mimi, nina haki ya kusikia nilichonunua. Akasema maji kule yapo, ila yameganda ndani ya udongo, na barafu hiyo ndiyo gundi inayoshika mchanga na mawe sehemu nyingi. Wapo watu wanaowaza kuipasha moto sayari nzima, hewa iwe nzito, barafu iyeyuke, mito itiririke, miti iote, watu wahamie.

"Hao ndio watu!" nikasema. "Hao ningekaa nao meza moja. Waambie kuna mzee Mtwara ana maboza."

"Sikia kwanza, Baba. Mimi sikuulizwa watu watafanyaje. Nimeulizwa ardhi itafanyaje. Nchi imekaa kavu muda ambao akili haiwezi kuushika, halafu unainywesha ghafla. Itafanya nini?"

"Itashukuru."

"Ardhi haishukuru, Baba."

"Wewe hujawahi kumwagilia mgomba."

Akatikisa kichwa, akainuka. Alitaka kunionesha, kama anavyowaonesha wenzake darasani. Akaenda nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa limechimbwa shimo la taka, akakata bonge la udongo mkavu kutoka kwenye ukuta wa shimo, bonge gumu, jekundu, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Akaliweka kwenye sinia. Juu yake akatua jiwe zito la matumbawe. "Hii ndiyo Mirihi," akasema, "na hili jiwe ni mlima wake. Ona ulivyosimama vizuri." Akachukua kikombe, akamimina maji pembeni ya bonge, kidogo, chini kabisa, wala hakuligusa jiwe.

Kwa muda hakikutokea kitu. Nikaanza kutabasamu. Halafu bonge likafanya kama mtu aliyeishiwa nguvu za magoti. Halikupasuka wala kumomonyoka, lilinywea tu likakaa. Jiwe likainama, likaangukia sinia, mama akashtuka na kisu mkononi.

"Umemwaga mengi," nikasema.

Binti yangu alikuwa ameinua macho kutoka kwenye sinia, anatazama kona ya nyumba, upande wa bafu. Pale kuanzia pembe ya dirisha kwenda chini kulikuwa na ufa ambao fundi alikuwa ameshauziba kwa saruji, ukafunguka, akauziba tena. Ulikuwa umefunguka. Alisimama akaufuata kwa kidole mpaka kwenye msingi. Kidole kikaingia chini ya msingi.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "hili bonge nimelitoa hapa."

Mimi nilimwambia aache uchuro. Nyumba niliijenga mimi, nondo nilisimamia mimi, nani asiyejua nondo zangu?

Kilichofuata kilitokea asubuhi ya siku chache baadaye. Mama alinipigia simu kuniambia mabata wanatembea bwawani. Nikasema, wanaogelea, Mama. Akasema, hapana mwanangu, wanatembea. Nikaja mbio na binti yangu. Bwawa lilikuwa halina maji, limebaki tope linalong'aa, na katikati kuna tundu jeusi ambalo ungeweza kulifunika kwa ungo. Mabata wamesimama pembeni wanatazama kama watu waliofika ofisini wakakuta imefungwa. Hakuna ukingo uliobomoka. Maji yalikuwa yameshuka moja kwa moja.

Binti yangu alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Ndipo aliponieleza kwa lugha ambayo hata mimi wa la saba nilishindwa kujifanya sielewi. Mchanga wetu umesimama kwa sababu ni mkavu. Chembe zimeshikana kwa udongo kidogo na chumvi kidogo, nguvu yake ni ukavu wenyewe. Ukiulowesha kila siku, kinachoshika kinaachia, na chini yake kuna jiwe lenye matundu linalopokea kila kinachoshushwa. Mchanga unapita humo na maji, punje kwa punje, mpaka juu panabaki ganda linaloshikilia nyumba kwa mazoea tu.

"Na Mirihi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka tuzungumzie ya mbali.

"Vilevile, ila nchi nzima. Barafu ikiyeyuka ardhi itazama, kuta za mabonde makubwa zitaporomoka. Chumvi itayeyuka, iache mapango. Maji mengine yatazama chini kama haya, mengine yataingia kwenye mawe yageuke udongo, yasitoke. Hata hewa mawe yataila. Hapa kwetu kuna moto chini unaorudisha vilivyomezwa, volkano zinavitapika. Kule moto umepoa. Kwa hiyo baada ya tabu yote inaweza kurudi kavu tena. Ila haitakuwa ile ya mwanzo. Itakuwa kavu na imebomoka."

"Sasa dawa yake?"

"Nimesoma jina lake, Baba. Dawa yake sijasoma."

Niliwahi kukwama na boza kwenye tope la Msimbati nikatoka. Niliwahi kufilisiwa na mshirika nikainuka. Sikuwahi kukutana na jambo lisilo na mahali pa kulishika. Nikafanya ninachojua. Nikaleta zege. Nikazungusha mkanda wa zege nje ya nyumba nzima, mpana, mzito, vijana wanakoroga nami nimesimama nasema ongeza. Binti yangu akanishika mkono wa shati.

"Baba, unaongeza uzito. Ukijaza bahari pale ambapo hapajawahi kubeba bahari, nchi inabonyea, nyufa zilizolala zinaamka..."

"Hayo ya Mirihi!"

"Na haya pia."

Sikumsikiliza. Zege likakauka, likapendeza, na lenyewe likapasuka katikati, ufa mwembamba kama mstari wa penseli, ukapanuka mpaka sarafu ikawa inaingia. Nikamleta mtaalamu wa majengo kutoka mjini, mtu wa kofia ngumu. Akazunguka nyumba, akagonga hapa, akagonga pale, akaniita pembeni. "Mzee, mimi nisikudanganye. Hapa hamisha mama." Nikamuuliza, basi nifanye nini nyumba ibaki? Akavua kofia, akajikuna, akaangalia gari lake.

Ikabidi nifunge maji. Mikono hii iliyovuta bomba ikaenda ikafunga koki kuu. Nilimkuta mama bombani na ndoo, bomba linatoa upepo.

"Umenifungia maji, mwanangu?"

"Kwa muda tu, Mama. Nyumba inaumwa."

"Maji yanaumiza nyumba?"

"Ndivyo anavyosema mjukuu wako."

Akatazama ndoo. "Maji?" akauliza tena. Mwanamke aliyepoteza nywele za utosi kwa ajili ya kitu, unamwambiaje kitu hicho ndicho kinachombomolea? Kijijini nako walisema yao. Mama mmoja alipita akasema kwa sauti, "Kumbe ule utajiri ulikuwa wa kiangazi kimoja!" Nilimsikia. Siku nyingine ningemrudishia neno likamfikisha kwake analia. Siku hiyo nilikwenda kuutazama ufa.

Boza nikawa nalituma, linasimama mbali barabarani, maji yanapelekwa kwa ndoo, kidogo. Migomba ikanyauka. Na nchi haikurudi. Hilo ndilo nililokuwa sijui. Nilidhani ukikausha umerudisha. Binti yangu kabla ya kurudi chuo aliniambia kwamba bonge lililonywea ukilianika juani litakauka, lakini litakauka likiwa limekaa, halitasimama. Kisha akasema anaogopa mvua. Akaniomba nimhamishe bibi kabla ya mvua.

Nilimwomba mama. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikamtuma shehe, nikawatuma wajomba. Akasema hana kosa alilofanya la kumhamisha kwake. "Ulinijengea ili nikae. Nimekaa." Wajomba wakanigeukia mimi: kwani wewe si mtu wa maji? Yaambie yatoke.

Mvua zikaanza. Sasa niambieni, mtu ana maboza, ana pampu, ana visima, ana vijana wanaomwita bosi, atafunga mvua kwa koki gani? Nikahamia pale, nalala kwenye gari nje ya ua. Mchana nachimba mifereji ya kuyapeleka maji mbali na msingi, yanakwenda hatua chache, yanazama. Nikatandaza maturubai ya malori uani, nikayakandamiza kwa mawe, maji yakapita chini yake. Binti yangu anapiga simu kutoka Dar es Salaam kila inapokucha: "Baba, imenyesha?" Imenyesha. "Ufa?" Upo. "Bibi?" Anapika. Basi hatukati simu, salio linakwenda, mimi nasikia magari ya mjini kwake, yeye anasikia mvua kwangu. Siku moja akasema anaandika sehemu ile ya Mirihi kupata mvua yake yenyewe. Kwamba kuanzia hapo hakutakuwa na mtu anayeifanyia kitu tena, itakuwa inajifanyia. Akasema ameifuta mara nyingi kwa sababu kila akiiandika anaona bati letu.

Ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika, jua limetoka kali. Mama alikuwa jiko la nje anasonga ugali wa muhogo. Mimi nilikuwa barazani nimevua viatu. Nilisikia sauti ya kumeza. Siwezi kuieleza vingine. Siyo kishindo, nchi ilimeza funda moja. Kona ya bafu ikashuka, taratibu, kwa adabu, ukuta ukabaki umesimama lakini umesimama chini zaidi. Bati likalia. Halafu vigae vikaanza kuruka kimoja kimoja, pa, pa, kama bisi. Bomba la sebuleni liling'oka ukutani likabaki linaning'inia, halina hata tone.

Nilimbeba mama. Ni mwepesi, sikujua alivyo mwepesi. Alikuwa na mwiko mkononi hataki kuuachia, anasema, "Ugali utaungua, niweke chini, ugali utaungua." Nikamfikisha barabarani, nikamkalisha kwenye kiti cha mbele cha boza. Watu walikuja wakasimama mbali. Hakuna aliyesema la kiangazi tena. Vijana walijitolea kutoa bati na milango kabla hakujazama zaidi, nami nikawaambia waache, kisha nikawaambia watoe, kisha nikawaambia waache. Nilikuwa natoa amri kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo.

Sasa mama yuko kwangu mjini. Ana chumba chenye feni, ana dirisha la barabarani, anapewa kila kitu na anashukuru kwa kila kitu, jambo ambalo zamani hakuwa nalo. Binti yangu amemaliza kuandika. Alipiga simu, akaomba kuongea na bibi yake.

"Umewaambia wasimwage?" mama akamuuliza.

"Nimeandika, Bibi. Sijui kama watasoma."

"Na wakisoma?"

"Hata wakisoma, sijui."

Mama akanirudishia simu.

Kinachonishinda ni bafu. Mabomba ya nyumbani kwangu yamekuwa yanaharibika, mipira ya ndani inakatika, fundi anabadilisha, inakatika tena. Nilidhani mipira mibovu, nikamtukana muuza duka. Kumbe ni mama. Anaoga kwa kikombe kimoja, anajipangusa na kitambaa chenye unyevu, halafu anafunga bomba kwa mikono miwili, anakaza, anakaza mpaka mpira unakufa, na likianza kudondosha anaweka beseni chini anakaa nalo macho. Nimemwambia, Mama, hapa nchi ni ngumu, mji mzima unaoga na haujazama. Ananiitikia vizuri, "Ndiyo, mwanangu." Jana nilisimama mlangoni mwa bafu, mimi mtu wa maji, nikamwona amelikumbatia bomba, vidole vimekuwa vyeupe. Lilikuwa limeshafungwa. Bado alikuwa anakaza.